Nyar Shirati na Karatasi Zake

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia kutoka Migori na Homa Bay)



Asubuhi tulipokuwa tukinywa chai hapa nje tulimsikia mama mmoja akiitwa Nyar Shirati. Ndiyo desturi yetu. Mke aliyeolewa tunamwita kwa jina la kwao, basi boma zima linajua ametoka Tanzania, na jirani wanajua, na hata mtoto wa shule anajua. Asiyejua ni serikali peke yake. Katika madaftari yake mama huyu hajaolewa na mtu, na pengine hata hajafika Kenya.

Wala si mmoja. Mpaka huu ulipigwa mwaka 1886, Waingereza na Wajerumani walipogawana nchi wakiwa huko kwao Ulaya. Wakawakata Wakuria, wakawakata na Wajaluo. Wengine wakabaki Tarime na Rorya, wengine Kehancha na Muhuru, lakini ng'ombe wa mahari hawakuacha kuvuka. Na ninyi mliotoka upande wa Homa Bay, wa Remba na Mfangano, mnawajua wavuvi kutoka Uganda waliooa binti zenu.

Tuna mwenzetu katika kikundi kimoja huko Nyatike. Aliolewa mwaka 1998 kutoka ng'ambo, ng'ombe wakapelekwa, akazaa watoto wanne. Tulimchagua mweka hazina kwa sababu hesabu zake hazikosi hata shilingi. Siku ya kufungua akaunti tukaambiwa watia sahihi walete vitambulisho. Hana. Tukacheka kidogo, tukamweka mwingine, yeye akaendelea kushika daftari nyumbani. Tulikosea hapo, na tunakiri. Ile ilikuwa kengele, nasi tukaichukulia kuwa usumbufu wa benki tu.

Mwaka 2019 mumewe akafariki. Matanga hayajaisha, shemeji mmoja akaanza kusema ati huyu ni mgeni, shamba litarudi kwa wenyewe. Tulipotaka kumtetea tukaulizwa swali moja tu: cheti cha ndoa kiko wapi?

Sasa sikilizeni vizuri. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 15, inasema mtu aliyekaa katika ndoa na raia wa Kenya kwa miaka isiyopungua saba ana haki ya kuandikishwa kuwa raia, akiomba. Haisemi mke tu. Katiba ya zamani ilimpa nafasi hiyo mwanamke aliyeolewa na Mkenya, lakini binti yetu akiolewa na Mganda, yule bwana hakuwa na njia hiyo. Siku hizi wote ni sawa. Na kabla ya miaka saba kufika, Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011 inaruhusu aliyefikisha miaka mitatu katika ndoa aombe ukaaji wa kudumu. Mwenye ndoa changa zaidi, mwenzake aliye raia anaweza kumwombea pasi ya mtegemezi. Pasi hiyo ni ya kukaa, si ya kuajiriwa kazi ya mshahara. Tena mgeni yeyote anayekaa nchini zaidi ya siku 90 anatakiwa kujiandikisha na kupata kadi ya wageni.

Miaka mitatu, miaka saba, mnaona? Yote inahesabiwa kuanzia ndoa. Na ndoa inahesabiwa kwa karatasi. Hapo ndipo mlango ulipo, ila wengi wetu tunauzunguka tukitafuta dirisha kwa mtu anayejua mtu.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inaitambua ndoa ya kimila sawasawa na ile ya kanisani au ya kiserikali, lakini inataka iandikishwe. Msajili aarifiwe ndani ya miezi mitatu baada ya sherehe za kimila kwisha, na cheti kiombwe ndani ya miezi sita. Mzee mmoja alituuliza huko Ndhiwa, je, kama ng'ombe bado hawajaisha? Swali zuri sana, maana kwetu ng'ombe huisha lini? Sheria yenyewe inajibu: pale ambapo mahari inatakiwa ili kuthibitisha ndoa, sehemu ndogo tu iliyotolewa inatosha. Kwa hiyo deni la mahari lisiwe kisingizio. Na waliochelewa wasikae nyumbani kwa aibu, waende kwa msajili wakaulize.

Jambo ambalo twaomba mlipeleke vijijini kabla ya mengine yote ni hili: kupata cheti hicho, mume na mke ni lazima wafike wenyewe mbele ya msajili, wote wawili. Marehemu hafiki. Mwenzetu wa Nyatike alipokuwa na mume mzima, kazi ilikuwa ya siku chache na nauli ya boda boda. Mume alipoondoka, ikawa kutafuta wazee waliopeleka ng'ombe mwaka 1998 (wawili walikuwa wamekwisha kufa), barua ya chifu, hati za kiapo, na kesi ya urithi mahakamani.

Na msidhani ni ubishi wa shemeji tu. Kifungu cha 65 cha Katiba kinasema asiye raia hawezi kumiliki ardhi ila kwa kukodi, na kwa muda usiozidi miaka 99. Kwa hiyo mjane asiyekuwa raia anaweza kushinda urithi, na bado shamba lisiwe lake kama lilivyokuwa la mumewe. Sheria ya 2011 imewakumbuka wajane na wagane wa raia, wasikate tamaa, lakini hata huko wataulizwa habari ya ndoa.

Watoto habari zao ni nyepesi. Kifungu cha 14 kinasema mtoto ni raia wa kuzaliwa ikiwa baba au mama ni Mkenya, awe amezaliwa hospitali ya Shirati au ya Homa Bay. Zamani aliyezaliwa nje ya Kenya alitegemea baba peke yake. Na haki hii inawafikia hata waliozaliwa kabla ya 2010. Tunzeni tu vyeti vya kuzaliwa, hata vile vya Tanzania.

Onyo moja kabla hamjakimbilia uraia. Kenya inaruhusu uraia wa nchi mbili, na Uganda iliruhusu mwaka 2009. Tanzania hairuhusu. Mke wa kutoka Tarime akiandikishwa kuwa Mkenya anaweza kuupoteza ule wa kwao, na pengine ana shamba la babake huko. Huo ni uamuzi wake, si wa mume wala wa kikundi. Wengine watachagua ukaaji wa kudumu.

Kuhusu wageni wa kutembea, shemeji anayekuja msibani kwa mfano. Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hahitaji viza, na anaweza kupewa hadi miezi sita. Tangu Januari 2014 Wakenya, Waganda na Wanyarwanda huvukiana kwa kitambulisho. Tanzania haikuingia katika mpango huo, kwa hiyo pale Isebania na Sirari beba pasipoti au hati ya muda ya kusafiria. Agongewe muhuri. Njia ya panya ni fupi, lakini siku atakapoomba pasi ataulizwa aliingia lini na kwa ruhusa gani.

Wenye wachumba Wazungu pia walituuliza. Kenya iliondoa viza Januari 2024, ikaweka kibali kinachoombwa kwa intaneti kabla ya safari. Binti kwenda kwao ni mlima mwingine: Aprili 2024 Uingereza ilipandisha mapato yanayotakiwa kwa anayemwita mwenzi wake kutoka pauni 18,600 hadi 29,000 kwa mwaka. Binti akiambiwa na wakala kuwa viza iko tayari, alipe leo, ajue anaibiwa.

Mwenzetu bado anangoja. Watoto wake wawili wakubwa wana vitambulisho, na shamba analima yeye. Kikundi chake kimefungua ukurasa nyuma ya daftari la mzunguko, na kila mwenye ndoa ya ng'ambo ameandika mwaka aliooa au kuolewa, majina ya wazee waliokuwapo, na kama cheti kipo. Majina ni kumi na moja. Wenye cheti ni wawili. Sasa wanachanga nauli ya jozi moja kila mwezi kwenda kwa msajili, wakianza na wale ambao mume au mke ni mgonjwa.