Nishani na Mtumba



Paul von Lettow-Vorbeck alifika Dar es Salaam Januari 1914 akiwa luteni kanali, kuliongoza jeshi la koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki, jicho lake la kushoto likiwa limeharibika katika vita vya nchi tuiitayo leo Namibia. Novemba mwaka huohuo, Vita Kuu ya Kwanza ikiwa imeanza, akalishinda pale Tanga jeshi la Waingereza na Wahindi lililomzidi idadi kwa mbali. Mwaka 1916 Kaisari alimtunuku Pour le Mérite, nishani ya juu ya kijeshi ya Prussia, na mwaka uliofuata akamwongezea majani ya mwaloni. Habari za Tanga zimeandikwa vya kutosha. Mimi nataka tuutazame mzigo.

Mtumba, kabla haujawa nguo za kuchambua pale sokoni Karume, ulikuwa mzigo wa mpagazi, kilo 25 hadi 30 hivi. Reli mbili za koloni zilipotekwa mwaka 1916, kila risasi na kila kidonge cha kwinini kilipita kichwani mwa mtu. Hata mizinga ya manowari Königsberg, iliyoangamizwa Rufiji mwaka 1915, ilikokotwa nchi kavu kwa kamba na mabega.

Sasa tupige hesabu. Mpagazi amejitwika kilo 25 za unga, naye anakula kilo moja kwa siku. Akienda siku 12 na kurudi siku 12, unga karibu wote ameula yeye mwenyewe. Askari ale nini? Atakula ghala la kijiji. Huko Ugogo nafaka na ng'ombe walichukuliwa na Wajerumani, kisha na Waingereza. Mvua nayo ikakataa, ikaja njaa ambayo Wagogo wanaiita Mtunya. Ludwig Deppe, daktari wa jeshi la Lettow mwenyewe, alikiri baada ya vita kwamba nyuma yao waliacha njaa.

Lettow alivuka Ruvuma Novemba 1917, akazunguka Msumbiji, na akaweka silaha chini Abercorn, Mbala ya leo, tarehe 25 Novemba 1918. Alikuwa na Wajerumani 155 na askari zaidi ya 1,100. Machi 1919 alipita Berlin kwa shangwe chini ya lango la Brandenburg. Waingereza angalau waliandika vifo vya wapagazi wao, makumi kwa makumi ya maelfu, na kikosi chao cha wapagazi kikatuachia jina la Kariakoo. Upande wa Lettow, daftari la namna hiyo halikuwekwa.

Alifariki Machi 1964. Mwaka huo Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari wa Lettow waliokuwa bado hai malimbikizo ya mshahara. Husimuliwa kwamba wazee wasio na cheti cha utumishi wao walipewa ufagio badala ya bunduki, wakaamriwa kwa Kijerumani wacheze gwaride, na hakuna aliyekosea. Najiuliza, mzee aliyekuwa mpagazi angeamriwa afanye nini?