Nguvu ya Gari la Kikundi: Tupime Kwanza, Tununue Baadaye

(Haya ni mazungumzo tuliyoyatoa kwa viongozi na madereva wa vikundi vya kujisaidia, Isiolo. Tunayachapa kwa sababu vikundi kadhaa vimeomba vipate maandishi.)



Leo tumeombwa tuseme juu ya gari. Wengine watashangaa: watu wa maendeleo wanatafuta nini chini ya boneti? Lakini tukifungua daftari za vikundi vyetu tunaona jambo moja. Baada ya chakula na karo, gari ndilo linalokula pesa nyingi kuliko vitu vyote. Na gari hilo ndilo hupeleka mbuzi sokoni, mahindi ya msaada vijijini, na mama mjamzito hospitali usiku. Likikosa nguvu kwenye mchanga wa laga, si dereva peke yake aliye taabuni.

Mengi ya magari haya ni Land Rover za zamani zenye silinda nne. Lami ya kwenda Moyale ilikamilika katika miaka ya 2010, lakini ukigeuka kwenda Merti, Kipsing au Oldonyiro, bado unakutana na mawe, vumbi na mchanga, na hapo ndipo mzee huyu anapohitajika. Na malalamiko tunayoyasikia kila mahali ni haya: "Gari imeisha nguvu. Tununue injini kubwa."

Sisi tunasema: ngojeni kidogo. Kabla ya kununua nguvu mpya, tutafute ile ya zamani imepotelea wapi.

LILIZALIWA NA NGUVU GANI?

Hebu tuanze na ukweli. Land Rover ya Series III, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1971 hadi 1985, injini yake ya petroli ya lita 2.25 ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 70 hivi. Ya dizeli ya ukubwa huo huo ilikuwa na 62 hivi. Toyota Hilux ya siku hizi yenye dizeli ya lita 2.4 ina karibu 150. Kwa hiyo dereva asiudhike akipitwa na Hilux. Mzee hakuumbwa kwa mbio. Aliumbwa kuvuta polepole.

Jambo la pili ni hewa. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu kwa kila meta 1,000 za kupanda juu, kwa kuwa hewa inazidi kuwa nyepesi. Mji wa Isiolo uko meta 1,100 hivi. Basi zile farasi 70 hapa ni kama 63 tu, hata injini ikiwa mpya. Ukipanda kuelekea Timau, unapita meta 2,000, zinabaki kama 56. Gari likizubaa kwenye kilima hicho na mzigo juu, si lazima liwe gonjwa.

Lakini likizubaa hapa chini, kwenye tambarare, huku limebeba watu wanne tu, hapo kuna ugonjwa, na ugonjwa una kiini chake.

NGUVU INAPOTELEA WAPI?

Tunafuata utaratibu, kutoka kwa kisichogharimu kitu hadi kwa kinachogharimu.

1. Breki na magurudumu. Series zina breki za ngoma kwenye magurudumu yote manne. Moja ikishika, injini inavuta gari na breki pamoja. Baada ya safari fupi, karibisha mkono kwenye kila ngoma. Ile iliyo moto kuliko wenzake ndiyo mwizi. Inua gurudumu kwa jeki, weka gari huru, lizungushe kwa mkono. Angalia pia upepo wa tairi. Na mkifunga tairi kubwa kuliko zile za asili, mjue mmelipa gari gia ndefu zaidi, na nguvu ya kuvuta inapungua.

2. Pedali ya akselereta. Mmoja akae ndani, akanyage pedali mpaka chini. Mwingine aangalie kwenye kabureta kama kile kisahani cha ndani kinafunguka chote. Vile viungo vya chuma vinalika, vinalegea, na pedali inafika chini huku kabureta iko nusu. Kurekebisha ni kazi ya spana moja.

3. Hewa. Chujio la hewa la gari hili lina bakuli la oili. Vumbi la kwetu linanaswa humo. Baada ya safari za vumbi oili ile inakuwa tope, na injini inavuta pumzi kama mtu aliyefungwa kitambaa puani. Mwaga, osha, tia oili mpya ya injini mpaka alama, usipitishe. Kuna wanaoondoa chujio kabisa ati gari lipumue vizuri. Jamani, msifanye hivyo. Vumbi hilo ni mchanga mwembamba, nalo litasaga ringi na silinda.

4. Mafuta. Tukinunua kwa mitungi njiani, tunanunua na maji na takataka. Safisha kile kikombe cha pampu, badilisha filta, angalia kama kifuniko cha tanki kinapitisha hewa. Dalili ya mafuta kuzibwa ni gari kuanza vizuri kisha kukata nguvu likizidishiwa moto.

5. Moto wa plagi, kwa petroli. Fungua plagi zote nne, zipange kwa mpangilio wake. Rangi ya kahawia au majivu ni njema. Nyeusi yenye masizi maana yake mafuta yamezidi hewa. Nyeupe sana, mafuta ni kidogo au injini inachemka. Pointi za distributa ziachane milimita 0.35 hadi 0.40. Kisha fundi aseti taimingi, na aangalie ile kauri ndogo ya distributa inayovutwa na hewa kama mpira wake haujapasuka. Taimingi iliyochelewa inaiba nguvu bila kelele yoyote.

6. Tapeti. Kwenye injini hii ya lita 2.25, petroli na dizeli, nafasi ni milimita 0.25 kwa vali zote. Hapa tunataka madereva wasikilize sana. Petroli yenye risasi iliondolewa Kenya kufikia mwaka 2006. Risasi ile ilikuwa ikikinga viti vya vali katika injini nyingi za zamani. Siku hizi kiti kinaweza kuliwa polepole, vali inazama, nafasi ya tapeti inapungua mpaka vali haifungi sawasawa. Injini haitapiga kelele. Itanyamaza tu na kuishiwa nguvu. Tapeti inayogonga sana ni mbaya, lakini ile iliyokaza kimya ni mbaya zaidi.

Kwa dizeli, badala ya plagi tunaangalia nozeli na taimingi ya pampu. Tunawaonya: fundi akisema "nitaongeza mafuta kwenye pampu upate nguvu," mkataeni. Mafuta bila hewa ya kuyachoma ni moshi mweusi na joto. Mwisho wake ni hedi kupasuka.

7. Maji. Rejeta iliyoziba nusu haionekani kwa macho. Injini inayochemka haiwezi kutoa nguvu yake, na dereva mwenye hekima ataacha kukanyaga.

NAMBA NNE MEZANI

Mkimaliza hayo yote na gari bado ni dhaifu, ndipo mnapima kompresheni, yaani nguvu ya kila silinda kubana hewa. Kwa petroli: injini iwe moto, betri iwe na nguvu, plagi zote nne zitolewe, pedali ikanyagwe hadi chini, kisha fundi apige stata na kusoma kipimo. Andikeni namba nne, moja kwa kila silinda.

Namba nne zikikaribiana na si za chini, injini ni nzima. Moja ikiwa chini ya wenzake kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, kuna tatizo hapo. Tieni kijiko cha oili kwenye silinda hiyo, mpime tena. Namba ikipanda, ringi zimechoka. Isipopanda, vali au gasketi inavujisha. Silinda mbili za jirani zikiwa chini pamoja, shukuni gasketi ya hedi. (Kwa dizeli msitie oili, na kipimo chake ni kingine, mwachieni fundi wa dizeli.)

Tuliketi na kikundi kimoja kilichokuwa karibu kugawanyika kwa jambo hili. Vijana walitaka injini kubwa. Kina mama walitaka tangi la maji la saruji, na akiba ilitosha kimoja tu. Kila upande ulikuwa na haki yake, kwa sababu gari kweli lilikuwa likikwama. Mzee mmoja akauliza swali moja tu: "Ni nani kati yenu ameipima?" Hakuna aliyejibu.

Siku mbili fundi na dereva walifuata orodha hii. Breki ya nyuma kulia ilikuwa imeshika. Bakuli la chujio lilikuwa tope tupu. Pedali ilifungua kabureta kama theluthi mbili hivi. Tapeti mbili za ekzosi hazikuwa na nafasi kabisa. Namba tatu zilikuwa sawa na ya nne ilikuwa chini. Baada ya kuseti tapeti na kupima tena, ile ya nne ikapanda ikawafikia wenzake. Kile kilima dereva alichokuwa akipanda kwa gia ya pili, akakipanda kwa ya tatu. Gari halikugeuka ndege. Lilirudia nguvu yake ya kuzaliwa tu, na tangi likajengwa.

Kikundi kingine kilipima na namba tatu kati ya nne zikawa mbovu. Hao tuliwaambia bila kuficha: injini hii imekwisha, msiitie pesa za tapeti na plagi. Kipimo hakipendelei upande wowote. Ndiyo maana tunataka kiwe mezani kabla ya kura.

NGUVU ILIYOMO MKONONI

Kuna nguvu nyingine mliyoinunua tayari na hamuitumii. Kile kijiti chenye kichwa chekundu kinaingiza gia ndogo za kazi nzito na kuyatia magurudumu yote manne kazini. Injini ileile, mafuta yaleyale, lakini nguvu ya kuvuta inazidi maradufu. Simamisha gari kwanza, ingiza, kisha ingia laga polepole. Kile cha manjano kinatia magurudumu manne bila kupunguza gia. Ukirudi kwenye lami, vitoe. Vikibaki, gia na tairi zitateseka. Kwenye mchanga mzito punguza upepo wa tairi, na ujaze tena ukifika mahali pagumu.

Na mzigo, jamani! Gari la farasi 63 likibebeshwa watu kumi na wanane na magunia juu ya paa, halina ugonjwa. Linaonewa.

KAMA BADO MNATAKA INJINI KUBWA

Haikatazwi. Wengi hufunga injini za Land Rover za dizeli zenye turbo, zile za Tdi. Ya 200Tdi kwenye Defender ilikuwa na farasi 107, na ya 300Tdi iliyoanza mwaka 1994 ilikuwa na 111. Turbo pia inapunguza ile hasara ya milimani. Lakini anayeoa binti anaoa na ukoo. Injini hiyo itataka rejeta nzuri, mabomba yake, na viegemeo vipya kwenye chasisi. Gia boksi ya Series haikutengenezwa kwa nguvu hiyo, na ekseli za nyuma za Series zinajulikana kwa kukatika hata kwa injini yake ya asili. Breki za ngoma nazo zitakuwa zikisimamisha gari linalokimbia zaidi. Kisha lazima namba ya injini mpya isajiliwe NTSA na bima ijulishwe. Bila hivyo, siku ya ajali kikundi kitabaki peke yake.

Kwa hiyo mkipiga hesabu, msihesabu injini peke yake. Hesabuni gari lote, na mwulize fundi awaandikie kila kitu kabla hajafungua nati ya kwanza.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Nani anaandika daftari la gari letu? Mara ya mwisho oili ya chujio na tapeti ziliangaliwa lini?
2. Tuna kilima au kipande cha barabara cha kupimia gari, kwa mzigo uleule, kabla na baada ya matengenezo?
3. Gari letu libebe watu wangapi na magunia mangapi, na nani ana ruhusa ya kumwambia dereva "imetosha"?
4. Kama tungekuwa na pesa za injini leo, ni jambo gani lingine la kikundi lingengoja?
5. Je, kina mama wanajua kusoma zile namba nne? Kama hapana, fundi awafundishe siku ya kupima, kwa sababu akiba ni yao pia.

Sasa twendeni nje, boneti iko wazi.