Nani Amepika Asubuhi Hii?

Najua wengine wenu mnatusikiliza mkiwa jikoni, redio iko dirishani na sufuria iko motoni. Wengine mmelala bado, mnangoja kuitwa mje mnywe chai. Leo nina neno kwa wote wawili, lakini hasa kwa yule anayengoja kuitwa.

Nataka tuzungumze juu ya chakula cha asubuhi. Msicheke. Tumezoea kudhani kwamba mambo ya roho ni ya kanisani, na mambo ya sufuria ni ya akina mama. Lakini mkifungua Injili ya Yohana, mlango wa 21, mtamwona Bwana wetu aliyefufuka, ambaye mauti haikumweza, ameinama kando ya bahari ya Tiberia alfajiri, anapika. Amewasha moto wa makaa, ameweka samaki na mkate. Wanafunzi wamevua usiku kucha, mikono mitupu mpaka alipowaelekeza, na wanapofika ufukweni wanakuta chakula tayari. Hawakuulizwa kwanza walikuwa wapi siku alipokamatwa. Waliitwa waje wale.

Sasa turudi huku kwetu, Kitui na Makueni. Asubuhi yetu huanza kabla ya asubuhi. Wakati wa kiangazi mama huamka jogoo hajawika, huwafungia punda mitungi, huteremka kwenda Thwake au Kaiti, au Tiva na Nzeeu kwa watu wa Kitui, akachimbe mchanga mpaka maji yatokeze. Palipojengwa mabwawa ya mchanga safari imekuwa fupi, tunamshukuru Mungu, lakini si kila kijiji kinalo. Arudipo, mtoto wa shule amekwisha ondoka gizani na chai ya rangi tumboni. Baba naye amekwenda sokoni, na huko sokoni, tuseme kweli, huingia hotelini akaagiza chai ya maziwa na mandazi mawili, akala peke yake. Familia hiyo ina watu saba na vifungua kinywa saba, kila kimoja mahali pake.

Wala msiniambie kwamba ndiyo desturi ya wazee. Wazee wetu hawakuijua chai hii. Ilipandwa Kenya mara ya kwanza kule Limuru mwaka 1903. Walikuwa na uji wa mawele na mtama, na chungu kilikuwa kimoja.

Binti mmoja wa upande wa Wote, mfanyakazi wa Nairobi, alikuja nyumbani na chuma cha kuokea cha umeme na mkebe wa kakao. Alitaka kuwapikia wazazi wake chakula ambacho Wazungu hukiita wafoli. Kwa asiyekijua, ni mkate bapa laini ndani na mkavu kidogo nje, wenye vishimo vya mraba pande zote mbili, kwa sababu umebanwa katikati ya vyuma viwili. Ukiutazama utadhani ni sega la nyuki. Na wanaochunguza maneno wanasema jina lenyewe ni ndugu wa neno la kale la Kijerumani lenye maana hiyo hiyo, sega la asali. Watu wa Mwingi, mnasikia? Jina la sega limesafiri kutoka Ulaya likaja kuikuta asali yenyewe kwenu.

Tena chuma hicho kina ukoo na kanisa. Huko Ulaya, katika karne za kati, walikuwa na vyuma viwili vyenye mikono mirefu, vilivyofungana kama koleo, vya kuokea mkate mwembamba wa Meza ya Bwana. Waokaji wa mjini wakajifunza hapo, wakatengeneza vyuma vya namna hiyo kwa mkate wa kuliwa nyumbani na sokoni. Kwa hiyo mkate huu wa vishimo ulitoka karibu na madhabahu ukaenda jikoni. Mimi napenda safari hiyo.

Kakao nayo si kitu cha mbali kama tunavyodhani. Asili yake ni Amerika, lakini miti yake leo inazaa Kyela katika Tanzania, Bundibugyo katika Uganda, na Beni katika Kongo. Mbegu huvundikwa, hukaushwa juani, hukaangwa, husagwa. Peke yake ni chungu. Utamu wa chokoleti ni sukari iliyoongezwa. Nyinyi tumieni asali.

Najua akina mama wataniandikia barua kuuliza vipimo, basi afadhali niseme sasa. Usiku chukua kikombe kimoja cha unga wa mtama, hasa ule mwekundu, uloweke kwa kikombe kimoja na nusu cha maziwa ya mgando. Mtama hauna ule unato wa ngano. Usipolowekwa utasikia chenga mdomoni. Asubuhi ongeza vikombe viwili vya unga wa ngano, vijiko vitatu vya kakao, chumvi kidogo, maziwa kikombe kimoja na nusu, vijiko vinne vya mafuta, na viini vya mayai matatu. Ute wa mayai uupige mbali mpaka uwe povu jeupe linalosimama, kisha uuingize polepole mwishoni. Povu hilo ndilo litakaloinua mkate. Asali tia vijiko viwili tu, kwa maana asali huungua upesi; nyingine mwagia juu ukisha iva, pamoja na embe au ndizi mbivu. Kama huna chuma cha vishimo, mimina kwenye kikaango kama chapati za maji. Kama huna kakao, mtama mwekundu wenyewe utaupa mkate rangi ya hudhurungi, na watoto watafurahi vilevile.

Mtu mmoja atasema: "Mhubiri, unatuletea habari za chokoleti, nasi tumekula mwolyo?" Nakusikia, ndugu yangu. Tangu mwisho wa 2020 hata kufikia mwanzo wa 2023 mvua ilishindwa misimu mitano mfululizo katika sehemu nyingi za kaskazini na mashariki mwa nchi yetu, na wako wasikilizaji waliogawana kikombe cha uji. Sisemi mkanunue kakao. Hata uji mtupu unaweza kupikwa na mtu mmoja kwa ajili ya mwenzake, akamkalisha, akamtazama akinywa. Hilo ndilo ninalolitafuta.

Sasa niwaeleze yaliyotokea katika nyumba ya binti yule. Nilisimuliwa na baba yake, mzee wa kanisa, naye ameniruhusu niyaseme bila jina.

Mzee huyu alikuwa ameuza ng'ombe wawili apate karo ya kijana wake aliye chuoni Nairobi. Ijumaa jioni kijana akarudi nyumbani bila kutazamiwa. Karo haikulipwa. Fedha alikuwa amezichezea kamari ya simu, akitumaini kuzizidisha, na zikaisha kwa siku chache. Alipoulizwa ni kiasi gani, alisema elfu kumi. Mzee akasema maneno makali usiku ule. Mama akalia. Kijana akaingia chumbani akafunga mlango, na hakuna aliyekula.

Mzee anasema hakulala. Alikuwa amepanga kwamba kukicha atamfukuza, na alikuwa ameyapanga hata maneno yenyewe, moja baada ya moja. Kabla ya mapambazuko akasikia punda wanatoka. Mama anakwenda mtoni. Akaona aibu, hajui kwa nini. Akatoka nje. Binti alikuwa amekoroga unga, lakini umeme ulikuwa umepotea usiku, na chuma chake cha Nairobi kilikuwa kama jiwe mezani. Naye alitakiwa kumkimbilia mama yake amsaidie kupandisha maji.

Mzee akamwambia, "Nenda. Nipe hicho kikaango."

Ndugu zangu wanaume, mnajua sisi tulivyo. Akichinjwa mbuzi, kila mmoja wetu ni mpishi. Tunageuza nyama, tunatia chumvi, tunafukuza wanawake wasikaribie moto. Lakini unga ukikorogwa tunasema mikono yetu haijui. Mzee huyu hakuwa amepika chakula cha asubuhi tangu alipooa. Akawasha makaa. Mkate wa kwanza uliganda, akawapa kuku. Wa pili ukaiva upande mmoja. Wa tatu ukatoka mzima.

Kijana alipofungua mlango, begi mkononi, tayari kuondoka kabla ya kufukuzwa, alimkuta baba yake amechutama mbele ya jiko, moshi machoni, anageuza mkate kwa kisu. Hakuwahi kuona jambo kama hilo. Mzee naye maneno yote aliyoyapanga yakampotea. Akasema tu, "Keti. Kula."

Kijana akala minne, hakusema kitu. Baba akawa anapika, naye hasemi. Halafu kijana akasema, "Nau, haikuwa elfu kumi. Ilikuwa elfu thelathini na mbili, na elfu tano ni za kukopa."

Mzee aliniambia hivi: "Kama ningeanza na maneno yangu, nisingaliujua ukweli mpaka leo, na yeye angalikuwa njiani."

Sitaki kuwapambia. Fedha hazikurudi. Muhula huo ulipotea. Walizungumza muda mrefu asubuhi ile, na mengine hayakuwa matamu. Kijana aliitoa ile laini ya simu akamkabidhi mama yake, na msimu wa maembe alifanya kibarua cha kupakia magari mpaka deni la elfu tano likaisha. Deni la ng'ombe bado analo.

Turudi sasa kwa Petro kando ya moto. Msomaji wa Yohana ataona kwamba moto wa makaa umetajwa mara mbili tu katika Injili hiyo. Wa kwanza, katika mlango wa 18, uko katika ua wa kuhani mkuu, usiku wa baridi, na Petro anaota moto pamoja na watumishi huku akimkana Bwana wake. Wa pili ni huu wa ufukweni. Petro alipoinusa harufu ile ya makaa alikumbuka nini? Nyinyi watu wa Kitui mnaijua harufu ya makaa kuliko wengine. Mnajua inavyokaa katika nguo. Na Bwana alikuwa na neno la kumwambia Petro, neno zito, ambalo alimwuliza mara tatu hata akahuzunika. Lakini Yohana anaandika wazi kwamba lilikuja walipokwisha kula.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa Eliya pia, katika Wafalme wa Kwanza, mlango wa 19. Nabii amekimbia, amelala chini ya mti nyikani, anaomba afe. Malaika hakuja na hotuba. Alimgusa, akamwonyesha mkate uliookwa juu ya makaa na chombo cha maji. Eliya akala, akalala tena, akaamshwa ale mara ya pili. Swali la Mungu, kwamba anafanya nini mahali pale, aliulizwa baadaye, alipofika Horebu, siku arobaini mbele.

Pengine ndani ya nyumba yako leo yuko mtu wa namna hiyo, nyuma ya mlango uliofungwa. Pengine ni mke wako, naye hajafunga mlango wowote, yuko mtoni.

Akina baba, Jumamosi ijayo watoto hawaendi shule na soko laweza kungoja saa moja. Mtama unalowekwa Ijumaa usiku, msisahau. Kuni au makaa yawe ndani kabla ya kulala, maana umande huyaharibu. Na mkate wa kwanza ukiganda, wapeni kuku, mwendelee na wa pili.

Kwaherini mpaka juma lijalo, Mungu akitujalia.