Kurudisha Mali Si Mwisho wa Dhulma

(Mhadhara uliotolewa kwa Waislamu wa Sumbawanga)



Baada ya kumshukuru Allah na kumsalia Mtume wake (s.a.w.), tunapenda kuzungumzia amana ya umma, na hali ya sheria pale mwizi anapokuwa mtu mwenye nguvu.

Katika mwaka wa fedha 2005/06, zaidi ya shilingi bilioni 133 zilitoka Benki Kuu ya Tanzania, katika akaunti ya madeni ya nje iliyojulikana kama EPA, zikalipwa kwa makampuni 22. Ukaguzi uliotangazwa Januari 2008 ulionyesha kuwa sehemu kubwa ililipwa kwa nyaraka za kughushi. Rais Jakaya Kikwete alitengua uteuzi wa Gavana na kuunda timu ya uchunguzi. Kisha, Agosti 2008, akalieleza Bunge kwamba watuhumiwa wamepewa hadi tarehe 31 Oktoba kurudisha fedha. Watakaoshindwa ndio watakaoshitakiwa.

Sheria haikukosekana. Wizi na kughushi ni makosa katika Kanuni ya Adhabu tangu enzi ya ukoloni. Kilichopungua ni utekelezaji. Kijana akikamatwa na gunia la mahindi ya wizi hapa mjini, hapewi miezi miwili alirudishe kimya kimya.

Walikuwapo waliotetea muhula ule: kesi huchukua miaka, na mali huyeyuka. Hoja hiyo ina uzito, kwani wanavyuoni wetu wamelifanya kurudisha haki ya mwenyewe kuwa sharti la toba. Tena fedha zilizorudi zilielekezwa kwenye kilimo, ikiwemo ruzuku ya mbolea, na mkulima wa Laela au Namanyere anajua thamani ya mbolea kabla ya mvua. Lakini je, mbolea hiyo inafuta swali la nani aliyeiba?

Tunasoma katika hadithi ya Swafwan bin Umayya kwamba aliibiwa shuka yake, mwizi akafikishwa kwa Mtume (s.a.w.). Swafwan alipotaka kusamehe, aliambiwa kuwa msamaha ulipaswa kutangulia kabla ya shauri kumfikia hakimu. Zingatieni: Swafwan alikuwa mwenye mali. Mtawala hamiliki hazina ya umma. Ni mlinzi wake. Vipi asamehe kisichokuwa chake?

Kwa insafu tuseme kuwa kuanzia Novemba 2008 baadhi ya watuhumiwa walifikishwa Mahakama ya Kisutu, na wapo waliohukumiwa. Hata hivyo, haki inayongoja muhula wa kiongozi haina mizizi. Mwaka 2019 Rais John Magufuli naye alitoa siku saba kwa washitakiwa wa uhujumu uchumi wakiri na kurudisha fedha. Wengi wao walikuwa tayari mahabusu. Wa kwanza walipewa muhula wakiwa huru, wa pili wakiwa nyuma ya nondo. Mizani ni moja?

Basi mbunge wetu tumuulize maswali mawili, si moja: kiasi gani kimerudi, na nani amejibu mbele ya hakimu? Nasi tuanzie kwenye mifuko ya misikiti na vyama vyetu vya ushirika, upungufu usizibwe kwa siri.

Allah atujaalie kuwa wenye kusimamia uadilifu, hata dhidi ya nafsi zetu. Wabillahi tawfiq.