Mtoto Mahututi Mbele ya Dirisha la Mapokezi

Mabango ya kliniki yanapowataja walio katika hatari ya kuugua malaria kali, huishia mwilini mwa mgonjwa: mtoto wa chini ya miaka 5, mjamzito, mwenye utapiamlo, mwenye selimundu, anayeishi na virusi vya UKIMWI. Orodha hiyo ni sahihi, na mada hii haina ugomvi nayo. Inauliza tu swali lisilopendwa sana na watoa huduma: je, zahanati, kituo cha afya au hospitali yenyewe haistahili kuandikwa humo?

Ushahidi wa kuanzia uko Kilifi, pwani ya Kenya. Mwaka 1995 mtafiti Kevin Marsh na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watoto 1,844 waliolazwa hospitalini hapo kwa malaria. Walifariki 64. Kati ya hao, 54 walikuwa wamefika wakiwa na dalili moja au zote kati ya mbili: kupungukiwa fahamu na kupumua kwa shida. Dalili hizo hazihitaji maabara wala umeme. Zinahitaji mtu wa kumtazama mtoto. Tena, asilimia 84 ya vifo vyote vilitokea ndani ya saa 24 tangu kulazwa.

Kwa wanaopanga huduma, hapo kwenye saa 24 ndipo penye kazi. Mtoto anayefariki siku hiyohiyo aliyofika hakuwahi kumwona daktari bingwa anayepita wodini kesho asubuhi, wala hakusubiri majibu ya vipimo vilivyopelekwa mkoani. Bahati yake ilikuwa mikononi mwa yule aliyempokea, na katika vituo vingi anayetangulia kumwona mgonjwa ni mlinzi wa getini, kisha karani wa mapokezi.

Ifuatwe safari ya mama kutoka getini. Anafika dirishani, anaulizwa faili, jina la mtoto, kijiji, bima. Anapewa namba na kuoneshwa benchi. Foleni inaheshimiwa: aliyetangulia kufika ndiye anayetangulia kuonwa, na anayejaribu kupenya hukemewa na benchi zima. Mtoto anayelia kwa nguvu huonewa huruma, pengine akapishwa. Aliyenyamaza, kichwa kimemlegea begani kwa mama, kifua kikibonyea ndani kila anapovuta pumzi, hasumbui mtu. Huyo ndiye wa kukimbiliwa. Utaratibu ambao kila mtu anauona wa haki ndio unaomweka nyuma.

Blantyre, Malawi, waliamua kuuvunja utaratibu huo. Katika Hospitali ya Queen Elizabeth, Elizabeth Molyneux na wenzake waliwafundisha wahudumu kuwachambua watoto mara tu wanapofika, wakapanga upya vyumba ili mahututi asizungushwe, na wakahakikisha wa mapokezi na wa wodini wanazungumza. Walivyoeleza mwaka 2006, vifo vya watoto waliolazwa vilishuka kutoka kati ya asilimia 10 na 18 hadi kati ya 6 na 8. Hawakusubiri jengo la ghorofa.

Mfano mmoja wa uchambuzi huo unafaa kuoneshwa hapahapa ukumbini, maana kifaa chake ni penseli. Mhudumu anaulaza mwili wa penseli juu ya ukucha wa mtoto na kuubana. Akivuta mkono, amehisi. Kisha anamsugua kwa vifundo vya vidole katikati ya kifua: je, mtoto anapeleka mkono kuondoa kero hiyo? Analia? Macho yanamfuata mama? Kipimo hiki kinaitwa kwa jina la Blantyre, na alama zake ni 0 hadi 5. Aliye chini ya 3 yuko katika koma, na sukari yake ya damu ipimwe papo hapo. Muuguzi aliyezoea hamalizi hata dakika 1.

Hadi hapa mtu anaweza kudhani dawa ya yote ni kuharakisha. Si hivyo. Kituo kinaweza kuharakisha jambo lenye madhara, na hakuna funzo kali kuliko la utafiti wa FEAST, ulioongozwa na Kathryn Maitland katika hospitali za Uganda, Kenya na Tanzania, Muheza mkoani Tanga ikiwamo. Kwa miaka mingi mafunzo yalielekeza kwamba mtoto mwenye homa kali, ambaye damu haizunguki vizuri mwilini, amiminiwe dripu nyingi kwa haraka. Maelekezo hayo yalitoka katika nchi zenye vyumba vya wagonjwa mahututi. Watoto 3,141 waligawanywa kwa bahati nasibu. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati, matokeo yakatolewa mwaka 2011: waliomiminiwa maji ya chumvi kwa haraka, asilimia 10.5 walifariki ndani ya saa 48; waliopewa taratibu, asilimia 7.3. (Watoto wanaoharisha hawakuwamo, hao bado wanahitaji maji, asije mtu akatoka hapa na somo la kinyume.) Desturi nzuri ya wodini, iliyofanywa kwa nia njema na mikono iliyofunzwa, ilikuwa kihatarishi.

Upande wa dawa, habari ni njema zaidi. Utafiti wa AQUAMAT wa mwaka 2010, uliohusisha watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika, ulionesha vifo vya asilimia 8.5 kwa sindano ya artesuneti dhidi ya 10.9 kwa kwinini. Siku hizi artesuneti ndiyo dawa ya malaria kali. Lakini kipimo chake hutegemea uzito wa mtoto, na mizani iliyoharibika humwacha mhudumu akikisia.

Panapouma zaidi ni rufaa. Kuna artesuneti ya kuweka njia ya haja kubwa, iliyokusudiwa kumpa mtoto nafuu akiwa njiani kuelekea hospitali. Mwaka 2009 utafiti uliofanywa Tanzania, Ghana na Bangladesh ulionesha kwamba, kwa wagonjwa waliokawia zaidi ya saa 6 kufika hospitali, dawa hiyo ilipunguza vifo na ulemavu wa kudumu kwa nusu. Matumaini yalikuwa makubwa. Kisha ikasambazwa katika mazingira ya kila siku nchini Uganda, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Nigeria kati ya 2018 na 2020, na vifo havikupungua. Dawa ilikuwa ileile. Kilichokosekana ni vilivyotakiwa kuifuata: wapo ambao hawakufika kabisa walikopelekwa, na wapo waliofika wakachomwa sindano, kisha wakaondoka bila kupewa dawa mseto ya siku 3 inayomaliza tiba. Januari 2022 Shirika la Afya Duniani lilizitaka nchi zisitishe kuipanua huduma hiyo hadi mwongozo mpya utolewe.

Mzazi anayepigwa danadana kutoka zahanati hadi kituo cha afya, na kutoka hapo hadi wilayani, huku kila mlango ukimwandikia karatasi nyingine, hahitaji kuelezwa matokeo hayo. Tanzania imeonesha kwamba usafiri unaweza kupangwa: mpango wa m-mama unapokea simu za bure kwa namba 115 na kuwatumia madereva wa mitaani wenye magari yao pale gari la wagonjwa linapokosekana. Umewekwa kwa ajili ya wajawazito, waliojifungua karibuni na watoto wachanga. Mtoto wa miaka 3 mwenye malaria kali hamo.

Ombi kwa timu za afya za wilaya ni dogo, na linaweza kuanza Jumatatu. Kila kikao cha kujadili kifo cha mtoto kiwe na nyakati 4 mezani: saa aliyopita getini, saa aliyoguswa na mhudumu kwa mara ya kwanza, saa aliyopata dozi ya kwanza, na saa gari lilipoitwa ikiwa alipewa rufaa. Fomu nyingi hubeba umri, uzito, utambuzi wa ugonjwa na saa ya kifo. Nyakati hizo 4 zinaweza kuandikwa kwa kalamu pembeni mwa fomu hiyohiyo, kabla wizara haijachapisha nyingine.