Mkristo Mbele ya Habari na Sumu ya Ubaguzi

(Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei katika semina ya haki na amani, Arusha)



Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya ubaguzi na juu ya vyombo vya habari. Wengi wenu mmekuwa mkiuliza: je, tuviamini vyombo vya wakubwa wa dunia, vinavyotusimulia sisi Waafrika kana kwamba hatuna lolote ila njaa na vita? Swali hilo ni la haki. Lakini nyuma yake lipo jingine lililo gumu zaidi: tunapokataa kumwamini mgeni, tunamwamini nani badala yake?

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta jibu. Mlima wetu wa Meru na mji wetu wa Arusha vimeshuhudia mambo mawili yanayotufundisha.

1. Ushuhuda wa Engare Nanyuki

Wazee wa Meru wanaijua habari hii. Baada ya Vita Kuu ya Pili, tume ya serikali ya kikoloni chini ya Jaji Mark Wilson ilipendekeza ardhi ya sehemu hizi ipangwe upya, ili mashamba ya Wazungu kati ya Meru na Kilimanjaro yawe eneo moja lisilokatwa na makazi ya Waafrika. Novemba 1951 Wameru wapatao 3,000 waliondolewa Engare Nanyuki kwa nguvu, na nyumba zao zikachomwa moto. Serikali ilieleza kuwa huo ni mpango wa matumizi bora ya ardhi na ufugaji wa kisasa. Rangi ya ngozi ndiyo iliyoamua nani abaki na nani aondoke, lakini lugha iliyotumika ilikuwa ya kitaalamu.

Wameru hawakujibu kwa mapanga wala kwa uvumi. Walichanga fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akaenda New York mbele ya Umoja wa Mataifa, akisaidiwa na Earle Seaton, mwanasheria mzaliwa wa Bermuda. Kirilo alieleza yaliyotendeka, mahali yalipotendeka, na kwa watu gani. Azimio la kuwatetea halikupata theluthi mbili za kura katika Baraza Kuu, na ardhi haikurudishwa wakati ule. Hata hivyo, dunia iliusikia upande wa pili kutoka kinywani mwa mwenye shamba. Ndugu zetu hawa, wengi wao Walutheri, walitufundisha kwamba dawa ya taarifa iliyopotoshwa ni ushuhuda wa kweli.

2. Kalamu ya mkoloni

Ukoloni uliweka mipaka mashambani, na uliweka mipaka vichwani pia. Tuwatazame jirani zetu wa Rwanda. Wahutu, Watutsi na Watwa walikuwa na lugha moja, wakiishi katika vilima vile vile. Tofauti za hadhi na mamlaka zilikuwapo, wala tusizifiche. Lakini wasafiri kama John Hanning Speke, katika kitabu chake cha mwaka 1863, walieneza dhana kwamba watawala wa nchi za Maziwa Makuu walitoka kaskazini, nao ni wa asili iliyo karibu zaidi na Wazungu. Wabelgiji waliigeuza dhana hiyo kuwa utaratibu wa serikali. Machifu wa Kihutu waliondolewa, shule zikawapendelea Watutsi, na katika miaka ya 1930 kila mtu akaandikiwa kabila lake katika kitambulisho. Mwaka 1994, kwenye vizuizi vya barabarani, neno hilo moja lilitosha kumfanya mtu auawe.

3. Redio iliyojiita ya wananchi

Tarehe 4 Agosti 1993 mkataba wa amani ya Rwanda ulitiwa sahihi hapa Arusha. Mwezi mmoja kabla yake, redio ya watu binafsi iitwayo RTLM ilikuwa imeanza kutangaza kutoka Kigali. Ilipiga muziki mzuri, watangazaji wake walitania, wasikilizaji wakapiga simu. Watu waliipenda. Lakini redio hiyo iliwaita Watutsi mende, na baada ya tarehe 6 Aprili 1994 ikawa inataja watu kwa majina na mahali walipojificha. Katika muda wa siku 100 hivi waliuawa watu wanaokadiriwa kufikia 800,000 au zaidi.

Tuitambue hila iliyokuwamo. Dhana kwamba Mtutsi ni mgeni aliyetoka kaskazini ilikuwa ya Wazungu. Wachochezi waliichukua, wakaigeuza juu chini, wakaitangaza kwa jina la ukombozi wa wananchi. Walidhani wanamkataa mkoloni, kumbe walikuwa wakirudia somo lake.

Na vyombo vya nje je? Vingi vilieleza mauaji yale kuwa ghasia za kikabila za tangu kale, kana kwamba hayakupangwa na mtu. Anayesikia hivyo hujiambia kwamba hakuna la kufanya. Basi wa ndani walichochea, na wengi wa nje walipotosha. Wote walikunywa katika kisima kimoja: fikra kwamba Mwafrika ni kabila lake kabla ya kuwa mtu.

Mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyokaa Arusha ililichunguza jambo hili. Tarehe 3 Desemba 2003 iliwatia hatiani Ferdinand Nahimana, profesa wa historia, na Jean-Bosco Barayagwiza, waanzilishi wa RTLM, pamoja na Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la Kangura. Mwaka 2007 rufani ilifuta baadhi ya makosa na kupunguza adhabu, lakini wote watatu walibaki na hatia. Kabla yao, mwaka 2000, alihukumiwa miaka 12 mtangazaji wa RTLM aliyekiri makosa yake: Georges Ruggiu, Mzungu kutoka Ubelgiji. Chuki haina rangi. Huazima kinywa chochote kilicho tayari.

4. Kanisa nalo lijitazame

Ningependa kuishia hapo, lakini tume ya haki na amani isiyojihoji yenyewe itawahoji wengine kwa haki gani? Askofu Léon Classe, mmisionari aliyeliongoza Kanisa la Rwanda, mwaka 1930 aliwashauri Wabelgiji wasiwaondoe machifu wa Kitutsi, akiwaona kuwa ndio wenye uwezo wa kutawala. Shule zilizopendelea zilikuwa shule zetu. Aprili 1994 huko Nyange watu walikimbilia kanisani, na kanisa likabomolewa kwa matingatinga wakiwa ndani. Padre wa parokia ile, Athanase Seromba, alihukumiwa hapa hapa Arusha mwaka 2006, na mwaka 2008 rufani ikampa kifungo cha maisha. Mimi ni padre, ndugu zangu, na siwezi kulitamka jambo hili bila aibu. Siku zile zile, tangu tarehe 10 Aprili 1994, maaskofu walikuwa Roma katika Sinodi ya Afrika, wakilitafakari Kanisa kuwa Familia ya Mungu.

Mwezi Machi 2017 Papa Fransisko alimwomba Mungu msamaha kwa dhambi na makosa ya Kanisa na watu wake katika mauaji yale. Mficha uchi hazai. Toba ya kweli huanza kwa kutaja jina la kosa.

5. Sisi tufanye nini?

Wahenga walisema, "Lisemwalo lipo, kama halipo laja." Methali hii imekuwa kinga ya wasengenyaji. RTLM inatufundisha kuiogopa: lisilokuwapo laweza kweli kuja, kwa sababu tu limesemwa mara nyingi. Leo kila mmoja wetu ana redio mfukoni. Ujumbe wa simu kwamba Wamasai wamefanya hivi, Wahindi wanapanga vile, wageni wa kijiji fulani wana nia hii, hupita jumuiya tatu kabla ya Misa ya pili.

Amri ya nane ya Mungu inamfunga anayetunga uongo, na inamfunga pia anayeusambaza. Basi kabla ya kuliamini au kulipeleka neno lolote, liwe la gazeti la Ulaya au la ndugu yako mwenyewe, tuulize mambo manne. Nani ameona kwa macho yake? Nani atafaidika tukiamini? Je, anayesemwa amesikilizwa? Je, neno hili linamshitaki mtu kwa tendo lake, au kundi zima kwa asili yake? Neno likishindwa swali hili la nne, lisitoke kinywani mwako.

Nionye pia upande wa pili. Hukumu ya Arusha isiwe kisingizio cha kuwafunga midomo waandishi. Baraza la Pili la Vatikano, mwaka 1963, lilifundisha kwamba watu wana haki ya kupashwa habari, na kwamba habari hizo ziwe za kweli. Kumkosoa mwenye madaraka si uchochezi. Mwandishi anayeeleza jinsi maskini walivyonyang'anywa shamba anafanya kazi ya Kirilo.

Kila binadamu ameumbwa kwa sura ya Mungu. Mtu akianza kumwita mwenziwe mende, kunguni au nyoka, amekwisha kuifuta sura hiyo. Panga huja baadaye. Tuwe na mashaka na kila sauti inayotuomba tumfute jirani, na zaidi na ile inayofanana na yetu.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya

1. Ni maneno gani ya dharau juu ya kabila, rangi au dini tunayotumia nyumbani mbele ya watoto?
2. Ni uvumi gani uliowahi kumdhuru mtu katika jumuiya yetu, na je, tulimwomba msamaha?
3. Ni nani katika parokia yetu ambaye upande wake haujasikilizwa?