Kituo cha Nyota Kisicho na Jengo



Nimetakiwa niseme machache juu ya kazi yangu. Nitasema, lakini nina shabaha. Mbele ya mkutano huu lipo pendekezo kwamba umoja wetu uchange fedha ili shule inunuliwe darubini. Mimi napinga, na naomba mnisikilize kabla hamjanizomea.

Hapa Temeke taa za bandari, za barabara na za maduka zinameza nyota usiku kucha, na wakati wa masika hata mwezi tunauona kwa bahati. Darubini ndogo itatuonyesha pete za Zohali na miezi minne ya Mshtarii. Ni jambo zuri. Kisha itaingia kabatini. Mimi ninayeishi kwa hesabu za nyota, ni miaka sasa sijaweka jicho kwenye darubini. Vitendea kazi vyangu ni kompyuta na intaneti.

Kiko kisa cha pwani yetu wenyewe. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikisherehekea uhuru wake, roketi iliruka kutoka jukwaa la Waitalia la San Marco, lililosimama baharini karibu na Malindi. Ilibeba setilaiti ya Marekani, na kwa heshima ya siku hiyo na ya wenyeji, setilaiti ikaitwa Uhuru. Kazi yake ilikuwa kutafuta nyota zinazotoa miali ya eksirei, ambayo hewa ya dunia huizuia isifike chini. Orodha yake ya mwisho, iliyochapwa 1978, ina vyanzo 339. Kimoja ni Cygnus X-1, ambacho kupepesa kwake kuliwasaidia wataalamu kutambua kwamba pale pana shimo jeusi. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Orodha ile iliyoanzia Malindi, kijana wa Mbagala anaweza kuifungua leo jioni bila kulipa ada na bila kuomba ruhusa ya mtu. Imewezekanaje?

Neno gridi tunalijua. Umeme wa Kidatu, wa Mtera na wa Bwawa la Nyerere kule Rufiji huingia katika gridi ya Taifa, na fundi cherehani akiwasha taa haulizi umeme huu umetoka kwenye maji gani. Inatosha kwamba wote wamekubaliana juu ya volti. Miaka ya 1990 wataalamu wa kompyuta waliliazima neno hilo: kompyuta za nchi mbalimbali ziunganishwe, mtu apate huduma bila kujua mashine iko wapi. Watu wa falaki wakaipokea fikra hiyo. Mwaka 2001 Waingereza walianza mradi wa AstroGrid, na Juni 2002 miradi ya nchi kadhaa ikaunda umoja uitwao International Virtual Observatory Alliance.

Walichokubaliana ni mambo makavu kabisa. Jedwali la nyota liandikwe kwa mtindo mmoja. Pawe na daftari la kuonyesha hazina zote za data zilipo. Ukitaja sehemu ya mbingu kwa namba mbili na ukubwa wa duara, kila hazina ielewe swali lako na ijibu kwa namna ileile. Zamani kila kituo kilikuwa na lugha yake, na mtafiti alipoteza miezi akitafsiri.

Niseme kweli: ile ahadi ya dunia nzima kuazimana nguvu za kompyuta haikutimia kama ilivyotangazwa, makampuni ya kukodisha kompyuta yameichukua nafasi hiyo. Zilizobaki ni kanuni, na kwa maoni yangu ndizo zilizokuwa na thamani tangu mwanzo.

Vijana, chukueni Kilimia, ambacho babu zetu walikitazama kujua majira ya kulima. Setilaiti ya Ulaya iitwayo Gaia ilipima nyota karibu bilioni 1.8, ilizimwa 2025, lakini vipimo vyake viko wazi. Huhitaji kuvivuta vyote, na huwezi. Unaandika swali, mashine za Ulaya zinapekua, wewe unaletewa safu mia kadhaa tu, nyepesi kuliko picha moja ya simu. Utaona kwamba nyota za Kilimia zinayumba kwa pembe ya karibu 7.4, kwa kipimo cha elfu moja ya sekunde ya pembe. Gawa 1000 kwa 7.4, upate parseki 135. Zidisha kwa 3.26: miaka ya nuru 440. Setilaiti iliyotangulia, Hipparcos, ilitoa kama 390, na mabingwa wakabishana kwa miaka mingi. Ubishi huo mnaweza kuukagua wenyewe kwa hesabu za kidato cha pili.

Najua mtaniuliza juu ya umeme kukatika na gharama ya intaneti. Ndiyo maana pendekezo langu ni hili: fedha ya darubini inunue kompyuta sita zilizotumika, betri ya akiba, na intaneti ya miaka miwili. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi nitakuja mwenyewe kufundisha, na mwalimu wa fizikia amekwisha kubali kutufungulia chumba. Ndugu Mwenyekiti, naomba lipigiwe kura.